Mpinzani avuta muda na hana kitu mkononi, nidai ama ninyamaze?

Kopa wa Tudor: Asalaam aleikum wanakarata, nisaidieni maana hili limenikaa rohoni. Jana klabuni kwenye bridge, karata ya wawili kwa wawili, nlikuwa na mkataba wa 4 kopa, yaani niliahidi kula mara 10 kopa ikiwa turufu, na kila kitu kilibaki kwa kujua nani ana kwini ya shupaza, mkononi nna kingi, jeki na ndogo, mezani, kwenye karata za mwenzangu zilizo wazi, kuna ree, kumi na ndogo. Nkatoa jeki. Mzee wa kushoto akashika karata hii akaiachia, akashika ile, akaguna, mpaka mwenzangu akainua macho, ndio akatupa ya mbili. Nkasema kwini huyu anayo, nkaiacha jeki ipite, wa kulia akaila na kwini, nkaanguka moja, mkataba ukanishinda. Kumbe mzee alikuwa na ndogo mbili tupu! Ati alikuwa anafikiria. Afikirie nini? Ni mtu mzima namheshimu, sitaki ionekane namwita mwizi.

Pao Moja: Pole ndugu lakini sheria ya 73 ya bridge iko wazi, ukisoma mwendo wa mpinzani, kacheza haraka au kasita, hasara ni yako. Kusita si kosa.

Mama Likoni: Pao Moja hapo umesoma nusu. Sheria hiyo hiyo, kitabu cha 2017, kifungu E2, yasema kama hakuwa na sababu ya kimchezo inayoonekana, na angeweza kujua kusita kwake kutamfaa, na wewe ukapotezwa, mwamuzi anarekebisha matokeo. Na mwanangu sikiza hapa, haihitaji kuthibitisha nia, kwa hivyo hakuna anayeitwa mwizi. Kuchagua kati ya ndogo mbili wakati mpinzani wako anatafuta kwini, waamuzi wengi hawaikubali kama sababu. Ungemwita pale pale, kwa adabu tu, "naomba mwamuzi", basi.

Uru Mkavu: Sisi kwetu balaa ni mwenzio kusita kwenye mnada, pale mnapotaja mikataba kabla ya kucheza, halafu wewe unaongeza bei, hiyo ni sheria ya 16, kesi nyingine kabisa.

Kopa wa Tudor: Ahsante mama. Mwamuzi wetu naye huwa anacheza, nkaona haya kumsumbua. Naweza kudai leo?

Mama Likoni: Kama klabu yenu haijaweka muda wake, ni dakika 30 tangu matokeo yatolewe, kwa hivyo hiyo ishapita. Lakini mwambie mwamuzi hata hivyo, aongee na mzee pembeni, si mbele ya watu. Na siku nyingine mwamuzi aache karata zake aje, ndio kazi aliyoikubali.