Naomba ushauri: nguo za kila siku na askari katika Tanga ya mwaka 2150, ambamo kila mtu ana karama

Mwandishi wa Ngamiani:

Ndugu zangu, salaam. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza, na nimekwama katika sura ya nane, mahali ambapo sikutegemea. Hadithi iko Tanga, mwaka 2150. Kila mtoto anapobalehe hujaliwa karama moja: yuko ambaye viganja vyake hupata moto, yuko asikiaye mazungumzo ya mtaa wa tatu, yuko awezaye kupunguza uzito wa mwili wake hadi upepo wa kusi ukamsukuma. Sikutaka kuandika habari za mashujaa. Nilitaka watu wanaokwenda sokoni kwa baiskeli, kama ilivyo desturi ya mji wetu, na wanaodaiwa kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi.

Jambo la kwanza linalonisumbua ni nguo. Nimeweka sheria kwamba kila raia avae nguo yenye pindo la rangi ya karama yake, nyekundu kwa wenye moto, buluu kwa wenye usikivu, nyeupe kwa wepesi, ili askari amtambue mtu kwa mbali. Kitambaa nimekifanya cha mkonge, kwa heshima ya zao lililoujenga mkoa huu tangu miche ile 62 iliyonusurika ilipopandwa mwaka 1893. Jambo la pili ni askari wenyewe. Nimewapa karama kali kuliko raia wote na mavazi ya chuma, lakini kila wanapotokea hadithi inageuka kuwa vita, na dada zangu wawili wanaonisomea rasimu wamesema kwamba Koplo Mhina hafanani na askari yeyote waliyewahi kumwona.

Tukio lenyewe ni dogo. Koplo Mhina amesimama mlangoni pa Mwanahawa, fundi cherehani wa Barabara ya 12, anamtafuta kijana wa miaka 15 aliyeunguza duka la watu. Sijui Mhina amevaa nini, sijui kijana amevaa nini, na kwa sababu hiyo sijui nani anamwogopa nani.

Mama wa Doti:

Mwanangu, hongera kwa kufika sura ya nane. Nitazungumzia pindo, kwa kuwa umeligusa bila kuliangalia vizuri.

Pwani hii tayari imewahi kuwa na jamii ambayo ukimwona mtu kwa mbali unajua cheo chake kwa nguo. Unguja ya karne ya 19, watumwa walivaa merikani, ile pamba ngumu isiyotiwa rangi, au kaniki nyeusi; mtumwa mwanamume hakutarajiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu kama muungwana. Amri ya kukomesha utumwa ilipotolewa mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakajifunga kanga zenye maua na rangi. Hakuna aliyewaamuru. Walitaka mtu akiwaona njiani asiweze kusema, yule ni wa fulani.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: watu wako wanafanya nini na sheria ya pindo? Umeiandika kana kwamba imetiiwa na kila mtu tangu siku ya kwanza. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Serikali ikilichukua pindo, wanawake wa Ngamiani watakimbilia kwenye jina. Nawaona kabisa wakiagiza kanga yenye pindo jekundu kama sheria inavyotaka, na chini yake maneno yanayomjibu aliyeitunga sheria. Askari atalisoma na hatakuwa na kosa la kuandika, kwa maana jina la kanga halimtaji mtu. Anayejihisi ndiye anayekasirika.

Fundi wa Kona:

Kaka, mimi nina miaka 19 kwenye cherehani, kwa hiyo nitasema ya kazi yangu tu.

Mkonge uondoe. Nyuzi zake ni za kamba, magunia na mazulia. Ukimvika mtu shati la mkonge kwa joto la Tanga la mwezi wa Februari, saa sita mchana shingo yote itakuwa imechubuka. Rudi kwenye pamba. Na kwa kijana mwenye moto viganjani, pamba si suala la fahari. Nguo za nyuzi za plastiki zikishika moto huyeyuka zikaganda kwenye ngozi, ilhali pamba nzito huungua ikabaki majivu unayoweza kukung'uta. Waangalie mafundi wa kuchomelea vyuma: wanavaa jinzi nene na vipande vya ngozi, hata kama jua linaunguza. Mama wa kijana huyo atakuja kwangu na kuniambia nimshonee mashati ya mikono mifupi, au mikono mirefu ambayo ncha zake zinafungwa kwa vishikizo, zikiungua unazibandua na kuweka nyingine. Shati moja, ncha sita. Hivyo ndivyo mtu asiye na fedha anavyoishi na karama ya namna hiyo.

Mwenye wepesi atahitaji kitu kizito kwenye pindo. Mshonee chubwi, zile zile za wavuvi, ndani ya mkunjo wa chini wa kanzu au gauni, moja kila shubiri mbili. Zikigonga baiskeli zitasikika, na mtaa mzima utajua nani anapita. Mwenye usikivu atataka ushungi au kilemba chenye tabaka, si kwa urembo bali apate usingizi wakati jirani ana harusi.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba umesahau nguo hurithiwa. Katika nyumba yenye watoto sita, shati la kwanza hushuka kwa wa pili, wa tatu, mpaka liishe. Nusu ya nguo ninazorekebisha ni za mitumba. Mteja ananunua Jumamosi, Jumatatu analeta nipunguze mabega. Sheria yako ya rangi ina maana kila shati likishuka kwa mdogo lazima pindo lifumuliwe na lishonwe jingine, na mimi nitadai hela yangu. Tajiri hatajua hata kama sheria hiyo ipo. Maskini atakamatwa kwa kuvaa shati la kaka yake.

Afande Mstaafu:

Nimesoma yote kwa makini. Nilitumikia jeshi la polisi kwa miaka 27, na jeshi hilo, kama unavyojua wewe mtu wa Tanga, makao yake ya kwanza mwaka 1919 yalikuwa Lushoto, juu ya mlima wenu. Nataka nikurekebishie fikra moja, kwa sababu imeiharibu sura yako yote.

Askari hakamati mtu kwa kuwa ana nguvu kuliko yeye. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuwa na nguvu kuliko mtaa. Usiku nilikuwa na mwenzangu mmoja, kirungu, tochi na kitabu, na mbele yetu watu mia mbili. Kilichotuwezesha kurudi kituoni na mtuhumiwa ni kwamba watu wale mia mbili walikubali, hata kwa kunung'unika, kwamba tuna haki ya kumchukua. Siku wasipokubali, mavazi ya chuma hayasaidii. Ukimpa koplo wako karama kali kuliko zote, umemfanya jambazi mwenye mshahara.

Angalia sungusungu walivyoanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Walikuwa na pinde na mishale, lakini silaha yao halisi ilikuwa mwano: yowe likipigwa, kila mwanamume anatoka, na asiyetoka anaulizwa. Katika nchi ambayo kila mtu ana karama, fikiria kwanza mwano wao ukoje kabla ya kufikiria bunduki.

Sasa mlango wa Mwanahawa. Mhina haendi peke yake. Anapitia kwa mjumbe wa nyumba kumi, anajitambulisha, anafika na mjumbe kama shahidi. Amevaa sare ya kaki iliyopigwa wanga hadi mikunjo inasimama, mkanda umeng'arishwa, namba yake inasomeka. Anabisha hodi. Anamwita kijana kwa jina, si kwa karama. Na akimpata, anafanya jambo ambalo mimi nilijifunza kwa koplo wangu wa kwanza na sikuliacha hadi nastaafu: anamwambia avae shati na viatu kwanza. Mtu aliyetolewa nje kifua wazi mbele ya majirani amekwisha kuvunjiwa heshima, na hana tena cha kupoteza. Aliyepewa dakika mbili za kufunga vifungo hutembea mwenyewe. Kwa kijana mwenye moto viganjani dakika hizo mbili ndizo tofauti kati ya kukamata na kuunguza mtaa.

Kuhusu pindo, sikubaliani moja kwa moja na walionitangulia. Mwenye bastola ana leseni, na hakuna anayeona ameonewa. Askari anayebisha hodi ana haki ya kujua ndani kuna nini.

Mtu wa Kibokoni:

Shikamoo afande. Nakuheshimu, lakini mfano wa bastola haufai hapa. Bastola mtu huiacha kabatini; kiganja hakiachwi. Ukimwandikisha mtu kwa kile alichojaliwa mwilini, umeandikisha mwili wake.

Sisi huku Kenya tunalijua jambo hili kwa jina la kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi na waajiri wake, ikiwa ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Haukuwa mkoba wala kitambulisho cha mfukoni. Ilikuwa ni sehemu ya mavazi, ikigonga kifua mtu anapotembea. Mwajiri aliweza kumharibia mtu maisha kwa maneno mawili aliyoyaandika humo. Nanyi Tanzania mnao mfano wenu: mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku. Waliosumbuliwa zaidi njiani na kwenye vituo vya mabasi walikuwa wasichana, na waliowasumbua walikuwa vijana wenzao, wala si askari wenye namba. Sheria ya mavazi hugawa uaskari kwa kila mpita njia.

Pendekezo langu ni kwamba uigeuze. Sheria ya polisi ya Kenya ya mwaka 2011 inamtaka askari aliyevaa sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana wazi. Katika Tanga yako, raia avae apendavyo, na askari ndiye ashonewe pindo la karama yake begani. Tukimpa mtu mamlaka ya kubisha hodi usiku, sisi tulio ndani ndio wenye haki ya kujua nje kuna nini.

Afande Mstaafu:

Marahaba, mwanangu. Hapo mwisho umenishika. Nilikuwa na namba begani miaka 27, na nakiri kwamba siku ambazo hasira zilinipanda, namba ile ndiyo iliyonizuia mkono. Hata hivyo usiiondoe kabisa sheria ya rangi katika riwaya. Iache iwepo, na mwache Mhina awe mtu anayeiamini, kama nilivyokuwa nikiamini nilipoanza.

Mwandishi wa Ngamiani:

Nimekaa na majibu yenu siku tatu, na leo alfajiri nimeandika upya. Sheria ya pindo imebaki, ila sasa ina miaka minne tu na watu bado wanabishana nayo. Mkonge nimeuhamishia kituoni: ni kamba ya kufungia mtuhumiwa, kwa sababu pingu za chuma zikipata moto zinamuunguza mwenyewe aliyefungwa. Mhina amevaa kaki, na begani ana uzi wa buluu, kwa hiyo Mwanahawa anajua kwamba anasikia. Naomba mnisomee kipande hiki:

*Koplo Mhina alibisha hodi mara tatu, akarudi nyuma hatua moja kama alivyofundishwa. Mjumbe alikohoa. Ndani, cherehani ilisimama. Mhina alisikia mioyo miwili: mmoja wa mtu mzima, wa taratibu, na mwingine uliokuwa ukikimbia. Mlango ulipofunguliwa, Mwanahawa alikuwa amejifunga kanga ya pindo jeupe, na nyuma yake kijana alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono ndani ya beseni la maji. Shati lake lilikuwa na pindo la buluu.*

*"Huyu ni wa usikivu," Mwanahawa alisema. "Unaona mwenyewe, afande."*

*Mhina alilitazama pindo. Kisha akayatazama maji, ambayo yalikuwa yameanza kutoa mvuke.*

*"Mpe viatu vyake," alisema.*

Shati ni la kaka yake aliyefariki. Fundi wa Kona, wazo hilo ni lako, na nakushukuru. Swali limebaki moja: je, Mhina angejua kwamba shati si la kijana hata kama maji yasingetoa mvuke?

Fundi wa Kona:

Angejua, kama Mwanahawa angekuwa fundi wa kulipua kazi. Shati la kurithi halijifichi kwenye pindo. Linaonekana mabegani, mshono unaangukia juu ya mkono badala ya kukaa kwenye kona ya bega. Lakini Mwanahawa ni fundi mzuri, na alikuwa amefiwa na mteja. Atakuwa ameyapunguza mabega wiki ile ile ya msiba, kwa mkono, bila kuwasha cherehani, na bila kudai hela. Mahali pekee ambapo angeacha alama ni ndani ya kwapa, kwenye kitambaa alichokikunja bila kukikata, ili kijana akikua shati liweze kufumuliwa na kuongezwa. Mwandikie Mhina mstari mmoja pale kituoni, kijana anapovua shati na kulikunja, ambapo anauona mkunjo ule.