Mwanzo wa picha za kijasusi: wewe macho yako yanamfuata nani?

KibandaMajengo (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Nina kibanda umiza hapa Majengo. Wikiendi ni mpira, hapo sina la kueleza, watu wanajaa mpaka mlangoni. Siku za kazi mchana ndiyo naweka picha, na wateja wangu wa mchana wengi ni wapagazi na waongoza wageni walioshuka mlimani. Wana hela mfukoni, miguu haitaki kutembea, na nyumbani hawajaamua kurudi.

Siku hizi nimewawekea za James Bond, za zamani na mpya. Mnajua desturi yake: kabla ya wimbo na majina kunakuwa na kipande kinachojitegemea, jamaa ana kazi yake nyingine kabisa. Dr. No ya 1962 haina hicho, ni lile duara la mtutu kisha majina moja kwa moja. Kilianza na From Russia with Love, 1963. Kwa mwenye kibanda kipande hicho ni mtihani, maana ndipo mteja anapoamua kukaa au kudai mia tano yake.

Juzi ilikuwa The Spy Who Loved Me ya 1977. Roger Moore anafukuzwa kwenye theluji, anafika ukingoni, anaruka na skii zake miguuni. Muziki unakatika. Anaanguka, anaanguka, mpaka unaanza kumhurumia, halafu linafunguka parachuti lenye bendera ya Uingereza. Nilijua hapo benchi zitavunjika kwa makelele. Wapi! Kimya. Kisha mpagazi mmoja mtu mzima, benchi la mbele, soksi za mlimani bado ziko miguuni, akauliza: "Hizo kamera nani alizipandisha?"

Wenzake wakadakia. Mbona anashuka hana mzigo? Kambi iko wapi? Ikabidi niwape ninachokijua. Mlima ni Asgard, kisiwa cha Baffin kaskazini mwa Kanada. Walipiga mwaka 1976, na aliyeruka si Moore, ni Rick Sylvester. Walikaa wakingoja hali ya hewa itulie, na kati ya kamera zilizotegwa ni moja tu iliyomfuata vizuri mpaka chini. Watu na vyombo vilipandishwa kwa helikopta. Niliposema helikopta yule mzee akacheka: "Basi hao hawajapanda mlima. Wamewekwa." Wakanirudishisha nyuma wanionyeshe kitu: akishazitupa zile skii, moja inaligonga parachuti likiwa ndiyo linafunguka. Mtu aliyezoea kuangalia vitu vinavyoanguka mlimani hilo halimpiti.

Tangu hapo nawaangalia wateja kuliko picha. Mission: Impossible 2 ya mwaka 2000, Tom Cruise anakwea mwamba kule Utah mikono mitupu. Benchi zima: "Hana hata maji!" Skyfall ya 2012 niliweka jioni, bodaboda wamejaa. Pikipiki zinapita juu ya mapaa ya Istanbul, wanapiga miluzi. Bond anaigongesha pikipiki isiyo yake kwenye ukingo wa daraja ili yeye arukie treni, miluzi ikakatika. Mmoja akasema kwa uchungu kabisa: "Na hesabu ya bosi jioni?"

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Tunasema mtu anaangalia stelingi, si kweli. Anamtafuta mtu anayefanya kazi kama yake, na dakika tano za mwanzo ndizo zinamuumbua, kwa sababu hadithi bado haijamteka. Nambieni: mwanzo gani wa picha ya kijasusi unaupenda, na unafanya kazi gani?

LindoLaUsiku (Arusha)

Mkuu umegusa kidonda. Mimi ni mlinzi, lindo la usiku huku Njiro. Kwenye hizo picha zenu sisi tumeletwa tupigwe.

Goldfinger, 1964. Sean Connery, Bond wa wakati ule, anatoka majini na ndege wa bandia kichwani, anarusha kamba, anavuka ukuta, mlinzi anapita zake anakula teke. Haulizwi hata jina. GoldenEye, 1995: kila mtu anashangilia ile ya kuruka bwawa la Verzasca kule Uswisi, mita 220, na kweli Wayne Michaels, aliyeruka badala ya stelingi, ana roho. Mimi nangojea kinachofuata. Askari yuko chooni, kakaa na gazeti lake, jamaa anatokea juu kichwa chini anamtandika ngumi. Mtu yuko chooni, wakuu! Na lindo lake alimwachia nani? Sisi ukitoka hata dakika mbili unasaini kitabu, na mwenzako anasimama geti.

Halafu hiyo From Russia with Love uliyoitaja. Usiku, bustani, Bond ananyatia, ananyongwa na waya uliofichwa kwenye saa. Taa zinawashwa, wanambandua sura, kumbe si Bond, ni mtu tu amevishwa ili wafanyie mazoezi. Watu wanafurahi kwamba stelingi hajafa. Yule aliyekufa je? Alikuwa analipwa ngapi, na nani alikwenda kuwaambia kwao?

Ninayoipenda ni Casino Royale ya 2006. Prague, nyeusi na nyeupe, bosi anapanda na lifti usiku kwenda ofisini kwake, anakuta mgeni amekaa gizani anamsubiri. Bosi anatoa bastola, kumbe risasi zilishaondolewa. Pale mlangoni hatuonyeshwi mlinzi aliyelazwa chini. Mtu kapita kimya kaingia, hiyo ndiyo kazi. Ukiacha yule mwingine anayepigwa kwa vipande vipande katikati ya maongezi, tena chooni. Sijui hawa waandishi wana ugomvi gani na vyoo.

MwalimuMstaafu

Vijana wangu, nakubali nusu. Nusu nyingine hapana.

Mimi Goldfinger niliiona Metropole, Arusha, miaka ya sabini mwanzoni, picha yenyewe ikiwa imeshazeeka lakini kwetu mpya. Sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa mwanafunzi. Mlinzi aliyepigwa teke simkumbuki kabisa, unisamehe. Ninachokumbuka ni pale Connery anapofungua lile vazi la mpira la kupigia mbizi, na ndani yake kuna koti jeupe la karamu, safi, anachomeka ua jekundu kifuani na kuondoka kama anakwenda harusini. Ukumbi mzima ulitoa sauti moja.

Mtaelewa kwa nini mkikumbuka wakati wenyewe. TANU Youth League walishatangaza Operesheni Vijana mwaka 1968: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, vyote vilipigwa vita, na kuna mabinti walikamatwa barabarani. Viongozi walivaa suti za mikono mifupi zisizo na tai. Mavazi yalikuwa jambo la siasa. Sasa unaonyeshwa mtu ambaye chini ya nguo ya kazi ana nguo ya starehe, na hakuna wa kumuuliza! Sisi hatukutazama kazi yetu pale. Tulitazama tulichokatazwa. Na baadaye tulipompata Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa kwetu anayeongea Kiswahili, tulimsoma mpaka vitabu vikatoka kurasa.

Tulikwenda watatu kwa fundi cherehani mmoja mjini, tukamweleza lile koti. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Limekaa ndani ya mpira, mbona halikukunjamana?"

KibandaMajengo (Moshi)

Shikamoo mwalimu. Ila ushahidi umenipa mwenyewe! Fundi cherehani kaona mikunjo. Mpagazi kaona mizigo. Nyinyi wanafunzi mliona nguo kwa sababu kazi ya mwanafunzi ni kutamani.

MwalimuMstaafu

Marahaba. Fundi hakuiona picha, mwanangu, alihadithiwa. Jibu lako zuri lakini usilikimbize.

BintiWaKibosho

Samahani naingilia, picha ninayoitaja si ya Bond. The Ipcress File ya 1965, Michael Caine. Kwenye treni mwanasayansi anatekwa, sawa, hapo nilikuwa nachezea simu. Kisha yanaanza majina, na pamoja na majina ni asubuhi ya huyo jasusi. Saa inalia. Anaamka haoni vizuri mpaka avae miwani. Anafungua pazia. Halafu anaweka buni kwenye kisagio cha umeme, anasaga, anamimina kwenye chombo cha kukandamizia, anasubiri. Basi. Hakuna aliyeruka.

Mimi kazi yangu ni kuonja kahawa kiwandani, kwa hiyo KibandaMajengo utasema umeshinda. Subiri kwanza. Kilichonishika ni kwamba mwanaume yuko peke yake, hakuna anayemwona, na bado anasaga asubuhi hiyo hiyo ya kunywa, kiasi cha kunywa. Harufu inakwenda haraka ikishasagwa, wengi hawajali. Kibosho tumezungukwa na mibuni na nyumbani kwetu tunakunywa chai ya rangi. Kahawa nzuri inapelekwa mnadani, inaondoka. Nilipomwona yule Mwingereza wa mshahara mdogo anajitengenezea kwa adabu vile, niliona wivu. Sasa hiyo ni kazi yangu ama ni ninachokosa? Mimi naona mwalimu ana pointi.

Kingine: mtayarishaji ni Harry Saltzman na muziki ni wa John Barry, watu wale wale wa Bond wakati ule. Kwa mkono mmoja wanatengeneza mtu wa koti jeupe, kwa mwingine huyu wa Caine, mtu wa kwenda kununua uyoga dukani.

DerevaNgaramtoni

Nyote mnabishana mwanzo unamwonyesha mtazamaji ni nani. Kuna mmoja uliwageuza watazamaji. Spectre, 2015, Mexico City, sikukuu ya wafu: mafuvu makubwa, umati umevaa mifupa, kamera inamfuata Bond mtaani, hotelini, mpaka juu ya paa, kama hawakukata hata mara moja. Gwaride lile mji haukuwa nalo. Lilibuniwa kwa ajili ya picha. Mwaka uliofuata, 2016, mji ukaandaa la kweli, na sasa wageni wanapanda ndege kulifuata.

Naendesha watalii. Bado napata wazungu wazee wanaotaka kufika Momella, huku Arusha, kwa sababu ya Hatari! ya John Wayne, ya 1962, na ile inaanza na kifaru. Si ya kijasusi, najua, msinifukuze. Nasema tu kipande cha mwanzo kinaweza kulisha watu miaka sitini.

Na kwa swali la mleta mada: kwenye lile gwaride mimi nilikuwa natafuta mabasi ya wale watu wote yamepaki wapi.

KibandaMajengo (Moshi)

Dereva 🤝 wewe umeniunga mkono bila kutaka.

Binti wa Kibosho, hiyo ya kahawa nimeitafuta nimeipata. Nakwambia ukweli, nikiiweka mchana wapagazi wataniomba hela yao kabla maji hayajachemka. Nitaiweka Jumatano saa nne asubuhi, njoo na wenzako wa kiwandani, kiingilio nusu. Mwalimu ukishuka Moshi siku hiyo unaingia bure, lakini mikunjo ya koti tutaijadili. Alhamisi ni GoldenEye. Mlinzi, kile kipande cha chooni kwa heshima yako nitakipeleka mbele.

LindoLaUsiku (Arusha)

Usikipeleke mbele, mkuu. Nakuja na vijana wawili tuliowaajiri juzi. Nataka wajifunze kuangalia dari.