Justice League ya utani (1987–1992): ni kali kweli au inasifiwa tu?

KibonzoTz
Wakuu, habari za leo. Juzuu ya kwanza ya Justice League International, ile yenye toleo la 1 hadi la 7, imeniacha njia panda. Kila anayeongelea komiki za mashujaa zenye kuchekesha lazima aitaje hii ya Keith Giffen na J.M. DeMatteis. Lakini toleo la kwanza ni magaidi wamevamia Umoja wa Mataifa, Guy Gardner, yule Green Lantern mkorofi, anafoka mwanzo mwisho, na kicheko sikioni. Superman hayupo, Wonder Woman hayupo.

Naomba kujua mambo mawili. Utani wenyewe unaanzia wapi? Na mtu asiyetaka kununua miaka mitano yote ashike matoleo yapi? Wanaoiponda nao waje, ila waje na sababu.

WinoMweusi
Mkuu, umeishia barazani, ndani hujaingia. Matoleo hayo saba ni kikosi kinakusanywa, na mfanyabiashara Maxwell Lord anavuta kamba kwa nyuma bila wenyewe kujua. Toleo la 7 ndipo Umoja wa Mataifa unawakubali na jina linabadilika kuwa Justice League International. La 8 wanahamia kwenye balozi zao, na hakuna adui wa maana humo: ni masanduku, mafundi, mashine zisizowaka, na Blue Beetle na Booster Gold kumsumbua mwanamke mjini Paris ambaye baadaye wanagundua ndiye mkuu wa ubalozi wao, Catherine Cobert. Anza kuhukumu hapo. Kama toleo la 8 halikuchekeshi, hata la 50 halitakuchekesha.

Kuhusu wakubwa kukosekana: John Byrne alikuwa ameanza kumjenga Superman upya mwaka 1986, na mwaka 1987 George Pérez akafanya hivyo kwa Wonder Woman. Hao hawakuwa wa kuazimwa. Mhariri Andy Helfer akabaki na Batman, Martian Manhunter na kundi la wasio na jina kubwa wakati ule: Blue Beetle, Mister Miracle, Black Canary, Doctor Fate, Captain Marvel. Booster Gold anaongezwa toleo la 4. Ukosefu huo ndio uliouzaa utani. Superman huwezi kumfanya afilisike kwa sababu ya kasino, Booster Gold unaweza.

Halafu usiruke toleo la 5, lipo kwenye juzuu yako. Guy anavua pete yake ya nguvu ili apigane na Batman kiume, Batman anamlaza kwa ngumi moja, basi. Angalia kinachofuata: Beetle anacheka hadi anakosa pumzi, na Black Canary anaingia akiwa amechelewa, anasikitika kuikosa ngumi yenyewe. Kicheko kiko kwa waliosimama pembeni. Komiki nzima imejengwa hivyo.

DadaWaMajuzuu
Mimi niko upande wa wanaoiponda, japo si yote. Matatizo ninayoyaona ni haya.

Maneno ni mengi mno. DeMatteis aliandika mazungumzo baada ya Giffen kupanga kurasa, na mara nyingi kisanduku ambacho uso peke yake ungetosha kinajazwa mapovu manne ya maneno. Mwanzoni inapendeza, baadaye inachosha kwa sababu wote wanaanza kuongea kwa sauti moja. Funika majina kwenye matoleo ya arobaini na kitu uone kama utajua nani kasema nini.

Pili, wanawake. Guy kuwatukana inaeleweka, ndivyo alivyoumbwa na mara nyingi anaadhibiwa. Ila Beetle na Booster kuwaandama wanawake kunachukuliwa kama utani usio na madhara, kuanzia hiyo Paris aliyoisifia WinoMweusi. Msomaji wa leo atakunja uso, na ana haki.

Tatu, mzaha unaorudiwa. J'onn (Martian Manhunter) na biskuti zake za Oreo ni tamu mara tatu za kwanza. G'nort, yule Green Lantern mbwa anayeingia toleo la 10, mimi alinitosha kwa toleo moja.

Ninachokikubali bila ubishi ni J'onn mwenyewe. Kumfanya yule wa Mars mwenye huzuni awe mtu mzima pekee ndani ya nyumba ya watoto, hapo waliweza.

WinoMweusi
Dada, la sauti moja nakuunga mkono kwa matoleo ya mwisho. La maneno mengi sikubali kwa mwaka wa kwanza, maana michoro ya Kevin Maguire inayabeba.

PenseliHB
Hilo la Maguire ndilo wengi wanalikosa, na mara nyingi kosa ni la simu. Ukisoma kwa programu inayokuonyesha kisanduku kimoja kimoja, unaua utani. Giffen alikuwa anachora mpangilio wa ukurasa mzima, mara kwa mara akirudia pozi lilelile kisanduku baada ya kisanduku, na kinachobadilika ni nyusi au mdomo tu. Jicho lako linatakiwa lione visanduku vyote kwa pamoja ndipo mabadiliko yaonekane. Zima hiyo hali, laza simu ukisoma kurasa pacha, au tumia tableti. Usikuze picha mpaka uwe umeshauona ukurasa mzima.

Jambo jingine, angalia nani kachora. Maguire ndiye anayekwenda moja kwa moja mwaka wa kwanza. Kuanzia toleo la 13 wengine wanaanza kupokezana naye, na wakati fulani anarudi. Ty Templeton anafaa sana kwa utani, ana mistari safi. Adam Hughes anaanza toleo la 31, wakati jina limeshakuwa Justice League America (tangu la 26). Hughes anachora watu warembo, na nyuso zake ni za utani wa chinichini kuliko za Maguire. Anayekuambia ubora ulishuka ghafla, muulize alikuwa anasoma toleo la mchoraji gani.

KibonzoTz
Nimezima hiyo hali na kurudi toleo la 5. Kweli ukurasa wa ngumi ni kitu kingine kabisa. Sasa nipeni mpangilio. Nikiona "Millennium" na "Invasion!" kwenye majalada nachanganyikiwa.

MkusanyajiPwani
Hizo ni hadithi za kampuni nzima ya DC zilizopita katikati ya kila komiki. Millennium inagusa toleo la 9 na la 10. Huhitaji kuisoma, jua tu kwamba roboti za Manhunter zimejificha kwa sura za watu, basi utaelewa kinachompata mwenzao Rocket Red. Invasion! ni la 22 na la 23, na hilo la 23 usiliache kwa sababu ndipo Injustice League inazaliwa: Major Disaster, Clock King, Cluemaster, Multi-Man na Big Sir, wahalifu wasiojua hata kuiba.

Toleo la 13 lina mwenzake, Suicide Squad namba 13. Vikosi viwili vinagongana Urusi ya Kisovieti. Anza na la Justice League, kisha la Suicide Squad, ukigeuza utaanza na ugomvi kabla ya chanzo chake. Tahadhari, hilo la Squad halina mzaha.

Mpango wangu kwa asiyetaka yote: toleo la 1 hadi la 12 bila kuruka, kisha 13 na mwenzake, kisha 23. Hapo pumzika. Ukirudi, chukua la 34, ambapo Beetle na Booster wanafungua kasino kisiwani Kooey Kooey Kooey. Annual namba 4 ya mwaka 1990 ndiyo ile ambamo wahalifu wale wale wamegeuzwa mashujaa na kupelekwa Antaktika pamoja na G'nort. Hiyo ni upuuzi mtupu, isome ukiwa na muda. Hadithi ya adui Despero, la 38 hadi la 40, ni damu na msiba. Dada, hiyo ndiyo ingekufaa.

Justice League Europe ya 1989 iache mpaka umalize hizi. Giffen na DeMatteis waliondoka toleo la 60, mwaka 1992, na la 61 ni la Dan Jurgens, kitabu kingine kabisa.

DadaWaMajuzuu
Ongeza Formerly Known as the Justice League ya 2003, matoleo sita, Maguire amerudi. Ilipata tuzo ya Eisner ya komiki ya kuchekesha mwaka 2004, na mazungumzo yamepunguzwa mafuta. Ila KibonzoTz, ukishampenda Ted Kord (Blue Beetle) usiguse Countdown to Infinite Crisis ya 2005. Angalau si wiki hiyohiyo.