Kwa nini fataki za kumetameta hupendeza kwenye maonyesho makubwa lakini hufifia uani?

Mkazi wa Njiro, Arusha

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa fataki, au fashifashi kama wengi tunavyoziita. Usiku wa kuamkia mwaka mpya tulikuwa nyumbani kwa kaka yangu, na aliyeleta boksi la mirija 25 alituahidi kwamba lina zile zinazoacha mkia wa kumetameta. Tulichokiona ni mstari wa manjano uliozimika kabla hatujainua shingo vizuri, kisha moshi. Dakika chache baadaye hoteli moja upande wa mjini ikarusha za kwake, nasi tukiwa barazani, mbali kabisa, tuliona mikia mirefu ikishuka polepole na kumeta kama mchanga wa dhahabu uliomwagwa gizani.

Nilirekodi kwa simu, na kesho yake nikaipitia video picha moja moja. Hapo niliona jambo ambalo jicho halikulinasa: kati ya kichwa cha fataki na mmweko wa kwanza nyuma yake kuna pengo jeusi, halafu vimweko vinatokea mahali ambapo hapakuwa na mwanga wowote. Vinatoka wapi? Na je, boksi letu lilishindwa kwa sababu ya udogo tu? Nauliza kwa sababu mwezi Desemba tuna sendofu ya mdogo wangu katika bustani ya kukodi, na ningependa aione ile ya pili.

Mwalimu wa Kemia, Moshi

Ndugu yangu, hilo pengo jeusi ulilolinasa ndilo siri yenyewe, na nimefurahi kwamba umelitafuta kwa subira.

Anza na cheche unazozijua. Fundi wa mageti anapokata chuma kwa grainda, kila cheche inayoruka inawaka tangu inapotoka hadi inapozimika, ndiyo maana unaona mistari isiyokatika. Mikia ya dhahabu inayoning'inia kama matawi ya mti hutokana na vipande vya mkaa vinavyowaka kwa namna hiyohiyo. Fataki ya kumetameta haifanyi hivyo. Tembe ya baruti, ambayo mafundi huiita nyota, inapoungua hudondosha matone madogo ya masalia yaliyoyeyuka, yenye salfaidi ya potasiamu (muungano wa salfa na potasiamu) pamoja na alumini ambayo bado haijaungua. Tone likishaachana na nyota hupoa kidogo na kufifia, na hilo ndilo giza uliloliona. Lakini halijafa. Linapoanguka, oksijeni ya hewa inaigeuza salfaidi kuwa salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, na badiliko hilo hutoa joto linaloongezeka ndani ya tone mpaka, kwa ghafla, alumini inanyang'anya oksijeni iliyomo katika salfeti na tone zima linalipuka kwa mmweko. Kila tone lina wakati wake, kwa hiyo mkia mzima unacheza.

Wachunguzi waliolishughulikia jambo hili, kama Robert Winokur aliyechapisha uchambuzi wake mwaka 1978 na Takeo Shimizu wa Japani, hawakuafikiana katika kila hatua ya kemia yake, ila kwamba mmweko unachelewa ndani ya tone ni jambo ambalo hata simu yako imelithibitisha.

Rangi nayo ina sababu. Chumvi ikimwagika kwenye jiko la gesi, moto hugeuka manjano mara moja, kwa kuwa sodiamu hutoa mwanga mkali wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 589. Mchanganyiko wenye chumvi za sodiamu hutoa vimweko vya dhahabu, na usio na sodiamu hutoa vyeupe. Usitarajie buluu au nyekundu iliyokolea, maana mmweko wa alumini ni wa moto mno na huzifuta rangi hizo.

Sitaandika vipimo hapa, na ninamwomba yeyote anayesoma asijaribu kuchanganya chochote nyumbani. Unga wa alumini ukiwa pamoja na naitreti, ile chumvi inayoipa baruti oksijeni, na kupata unyevu unaweza kujipasha joto wenyewe hadi kuwaka, bila kiberiti na bila mtu kuugusa.

Fundi wa Maonyesho, Arusha

Shikamoo mwalimu. Umeeleza vizuri, nami naongeza ya uwanjani tu.

Tone linahitaji muda na nafasi. Nyota za boksi dogo ni kama punje za mahindi, huungua na kwisha upesi, na matone yake hayana umbali wa kuanguka. Zaidi ya hapo, boksi hufyatua mrija mmoja baada ya mwingine pasipo kupumzika, kwa hiyo fataki ya kumi inapasuka ndani ya moshi wa zile tisa. Ongeza taa ya ulinzi ya getini, ambayo katika nyumba nyingi za Njiro haizimwi kamwe, na vimweko vidogo vinamezwa kabisa. Kosa halikuwa la boksi peke yake.

Tufe, yaani fataki ya mviringo inayofyatuliwa na kupasukia juu, likiwa la milimita 75 (karibu inchi 3) hupanda karibu mita 90 na kupasuka juu ya moshi. Hata hivyo ukubwa si kila kitu. Tufe linalopasuka kwa nguvu sana hutawanya nyota kwa kasi inayoharibu kumeta, ndiyo maana mimi napendelea zile zinazofunguka taratibu, au fataki moja nzito inayopanda ikivuta mkia wake mpaka juu.

Kwa bustani ya sendofu nakushauri upime eneo kabla ya kumlipa mtu yeyote. Kiwango cha NFPA 1123, cha chama cha Marekani cha kujikinga na moto, kinataka futi 70 kwa kila inchi ya kipenyo cha mzinga (mrija unaofyatulia tufe), yaani tufe la milimita 75 linahitaji takriban mita 64 kutoka mzingani hadi kwa watazamaji. Bustani nyingi za kukodi hazifiki hapo. Mwulize mwandaaji kama ana fataki za mkia wa kumetameta za kipenyo kidogo, kisha umtake azifyatue chache, akiacha sekunde kadhaa kati yake, huku upepo ukipeleka moshi mbali na wageni.

Mama wa Sakina

Kibali cha kufyatua fataki mkione wenyewe kwa macho kabla ya siku hiyo, msiridhike na ahadi ya simu. Pia wapeni majirani taarifa mapema. Mwaka jana mbwa wetu alivunja wavu wa dirisha kwa hofu, na tulimtafuta hadi asubuhi.

Mkazi wa Njiro, Arusha

Asanteni sana. Leo nimeenda bustanini na kamba ya kupimia: kutoka ukutani hadi penye viti vya wageni ni mita 41. Matufe tumeyaacha. Nimekubaliana na mwenye bustani kwamba taa zote za nje zitazimwa kwa dakika tano, na tutatafuta fataki za mkia zinazoruhusiwa kwa umbali huo.

Fundi wa Maonyesho, Arusha

Uamuzi mzuri. Waombe zenye kumeta kweupe ziwe za mwisho. Zikitanguliwa na za dhahabu, wageni wataiona tofauti.