Tupeane uzoefu: sonona ndani ya familia za Kiirani ughaibuni

Mama Rehema, Toronto

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani hapa Toronto, upande wa North York. Ukishuka barabara ya Yonge unasoma mabango ya Kiajemi mlango hadi mlango: waoka mikate, wauza pistachio, mawakala wa uhamiaji. Wazee ninaowahudumia wengi ni Wairani, na kuna jambo ninalikuta nyumba baada ya nyumba. Watu wanaumwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kila mmoja anamficha mwenzake kwa mapenzi, na kule kufichana ndiko kunakozidisha ugonjwa. Najua humu tuna waliooa na kuolewa na Wairani, wanaofanya nao kazi, hata Wairani waliokulia kwetu. Tusimulie tuliyoyaona. Majina tuyaache.

Nianze mimi. Yupo bibi mmoja ninayemwita Khanom, kwa heshima yao. Tehran alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Mumewe alipofariki, mwanawe injinia akamleta huku. Sasa anaishi ghorofani juu kabisa, Kiingereza hajui, hawezi kupanda basi peke yake, na wajukuu wanamjibu kwa lugha asiyoielewa. Kwa daktari analalamika kwamba moyo unambana. Moyo umepimwa, hauna kasoro. Siku moja niliandamana nao, na mkalimani alikuwa mjukuu wa kike, binti wa sekondari. Daktari akauliza kama bibi amewahi kutamani kufa. Binti akamgeukia bibi yake akamuuliza kama anakula vizuri, kisha akamjibu daktari, "Hapana, hajawahi." Kiajemi changu ni cha jikoni, lakini neno la chakula nalijua. Niliumia kwa ajili ya wote wawili. Mtoto gani atamuuliza bibi yake swali lile?

Jioni Khanom humpigia dada yake Tehran kwa video. Kwanza anapaka wanja, anavaa blauzi ya hariri, anahamisha kiti ili dirisha na ule mji wa maghorofa vionekane nyuma yake. Dada akiuliza, huku ni salama salimini. Na dada naye anaficha ya kwake. Kaka yao alikwishazikwa, na kwa muda mrefu Khanom aliambiwa kaka amekwenda kupumzika Shomal, kule kwenye mwambao wa Bahari ya Kaspi wanakokwenda watu wa Tehran wakati wa joto. Wakisema hawakutaka kumtia simanzi akiwa mbali, peke yake.

Bin Seif, Göteborg

Asante kwa mada, dada. Huku Uswidi Wairani wengi walikuja miaka ya 1980, wakikimbia misako ya baada ya mapinduzi ya 1979 na ile vita na Iraq ya 1980 hadi 1988. Wengine wamekuja juzi juzi na shahada zao mkononi.

Jirani yangu ni wa hao wa karibuni. Kwao alikuwa mhandisi wa madaraja, hapa ni dereva wa teksi, zamu ya usiku. Mkewe aliishika lugha upesi, akasomea uuguzi, akaajiriwa. Barua za serikali anasoma mke, mikutano ya shule anakwenda mke, hata benki. Mume alianza kwa kuacha sherehe. Nowruz, mwaka mpya wao unaoangukia Machi, watu hukusanyika, na swali la kwanza ni "Unafanya kazi gani siku hizi?" Akawa kila mwaka ana zamu siku hiyo. Kisha akaacha kula na wanawe. Halafu zikaja hasira: kiatu kikiwekwa vibaya mlangoni ni ugomvi. Hakuna aliyesema ni ugonjwa. Walisema amebadilika tabia. Kwa wanaume naona sonona inaanzia kwenye hasira, na ndiyo maana haigunduliki mapema. Ndoa imevunjika. Siku hizi nampelekea chai, tunakaa tu.

Chausiku wa Kibokoni

Mume wangu ni wa Bandar Abbas, Iran, tulikutana Dubai, sasa tuko California. Januari 2017 ilipotoka amri ya Marekani ya kuzuia raia wa nchi saba wasiingie, Iran ikiwemo, mama mkwe alikuwa ameshapanga kuja kumwona mtoto wetu wa kwanza. Hakuja. Novemba 2019 serikali yao ilipofunga intaneti karibu wiki nzima kwa sababu ya maandamano ya bei ya petroli, mama alikuwa hospitali. Mume wangu alishinda na simu mkononi. Mtandao uliporudi tukakuta mama ameshazikwa.

Hakulia, wallahi. Alirudi kazini kesho yake. Usiku halali, mchana hasemi, chakula anakisukuma. Sisi Waswahili msiba unatolewa na watu: mnatandika mikeka, jirani analeta uji, mnalia mpaka mnachoka. Yeye msiba wake ulikaa kwenye simu. Nikakumbuka nao wana siku ya tatu, ya saba na ya arobaini kama sisi. Nikaita Wairani tunaowafahamu na Waswahili wa msikitini kwetu, tukafanya arobaini gereji. Niliikaanga ile halua yao ya unga na zafarani, nikapanga tende. Picha ya mama tukaiweka mezani na mishumaa. Alipoingia akaona watu wamekaa chini wanasoma, miguu ilimwisha. Alilia mpaka alfajiri. Sisemi amepona, maana baadaye bado alihitaji daktari na dawa, lakini mlango ulifunguka pale.

Mtu wa Pwani

Poleni. Ila mficha maradhi kifo humuumbua. Wamefika nchi zenye uhuru na madaktari, kwa nini wasiseme tu? Na wahamiaji gani hawana shida hizi?

Binti Shirazi, Dar kisha London

Kaka Mtu wa Pwani, nitakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu hayo ni maisha yangu. Wazazi wangu ni Wairani wa dini ya Bahá'í, dini iliyozaliwa Iran na inayoandamwa kule, walihamia Tanzania kabla ya mapinduzi. Nimekulia Upanga. Baada ya 1979 pasipoti zetu zilipokwisha muda ubalozi ulikataa kuzirefusha kwa sababu ya dini yetu. Baba akawa na familia isiyo na karatasi. Tarehe 18 Juni 1983 wanawake 10 wa Bahá'í walinyongwa na serikali kwa ajili ya dini yao huko Shiraz, mji wa mama yangu, wengine wasichana wa umri wa miaka ya ishirini, na mdogo wao kabisa miaka 17. Habari zilitufikia kwa vipande. Mama aliacha kuimba jikoni. Ndilo badiliko tuliloliona sisi watoto. Aliendelea kupika, kupiga pasi, kupokea wageni. Katika barua za kwao hawakuweza kuandika lolote, barua zinafunguliwa. Basi unaposema "waseme tu", mjue kuna watu waliofundishwa na maisha kwamba neno moja linaweza kumponza ndugu.

Halafu kuna heshima ya ukoo. Ikijulikana nyumba fulani mtu anatumia dawa za akili, mabinti wa nyumba hiyo watachumbiwa na nani? Hilo Waswahili mnalijua vizuri. Ndiyo maana maumivu yanakwenda kwa daktari yakiitwa kichwa, mgongo, moyo.

Aliyemfikia mama alikuwa jirani yetu, Mama Zuhura, Mungu amrehemu. Kila alasiri alikuja na kazi yake ya mkono, kushona kofia, akakaa barazani kwetu. Hakumuuliza mama kitu. Mama akamfundisha kupika wali wao, ule wenye ukoko wa dhahabu chini, Mama Zuhura akicheka kwamba kwao ukoko ni wa watoto na hapa ni wa mgeni rasmi. Kuhusu Shiraz mama alikuja kusema miaka mingi baadaye, London, kwa daktari aliyempa karatasi ya maswali tisa iliyotafsiriwa kwa Kiajemi. Alijaza mwenyewe, kwa kalamu yake, hakuna mtoto aliyekuwa katikati. Alama za karatasi ile zinaishia 27, na za mama zilikuwa juu sana. Mimi nilikuwa nimekaa naye maisha yangu yote.

Mama Rehema, Toronto

Binti Shirazi, nimesoma mara mbili. Hiyo karatasi ndiyo niliyokuwa naitafuta. Hata huku madaktari wanayo, na ipo kwa Kiajemi.

Kwa walioniuliza faraghani: mkalimani wa kitaalamu ombeni mapema, mnapoweka miadi, na mkalimani wa simu anatosha. Mtoto asitafsiri mambo ya kifo wala ya ndoa ya wazazi. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia, wengi wanaziacha wiki ya pili wakisema hazifai, na kuziacha ghafla kunaleta kizunguzungu na wasiwasi. Mtu akitaja kujidhuru, Kanada na Marekani namba ni 988, saa 24, na muulizeni waziwazi, kuuliza hakumtii wazo.

Na msiisahau Januari 2020, ndege ya abiria ya Ukraine, PS752, ilipotunguliwa karibu na Tehran, wakafa watu wote 176 waliokuwamo. Wengi walikuwa wanarudi Kanada. Mitaa hii karibu kila mtu alikuwa na anayemjua. Januari ikifika nyumba nyingi hubadilika. Wahudumu wenzangu, msipange likizo mwezi huo.

Khanom sasa anakwenda kundi la wazee wa Kiajemi kila wiki, anawasahihishia wenzake mashairi kama alivyofanya shuleni. Kuhusu kaka yake, mwanawe ndiye aliyemwambia, mimi nikiwepo. Akajibu kwamba alikuwa anajua. Alimwona dada yake amevaa nyeusi kwenye video, akanyamaza ili dada asijisikie vibaya.

Wa Ujerumani, Hamburg hasa, tuandikieni. Na kama yupo aliyewahi kuwa mtoto mkalimani, nataka sana kumsikia.