Nina mimba ya wiki 29, nimekutwa na klamidia (ugonjwa wa zinaa). Naombeni ushauri

Binti Uluguru:
Habari zenu wapendwa. Hii ni mimba yangu ya pili. Kliniki nilianza mapema, nikapimwa VVU na kaswende, vyote salama. Mwezi huu nikaanza kutokwa uchafu wa njano, na baada ya tendo naona damu kidogo. Nikadhani ni UTI, maana mjamzito akilalamika tumbo tu anaambiwa UTI. Dada mmoja wa maabara akanishauri nipime zaidi, na leo majibu yametoka. Karatasi nimeikunja mara nne, nimeificha ndani ya kadi ya kliniki.

Duka la dawa wamenipa doksisaiklini za siku 7, sijameza hata kimoja. Shangazi, ambaye ndiye pekee niliyemwambia, anasema nijifukize na kunawa ndani kwa maji ya mwarobaini. Mtoto ameshaambukizwa? Itabidi nipasuliwe? Na mume wangu ni dereva wa lori, yuko njia ya Tunduma, anarudi Jumamosi. Nitaanzia wapi kumwambia?

Mkunga wa Zamu:
Pole sana mdogo wangu. Hizo doksisaiklini usimeze kabisa, zinaweza kuathiri meno na mifupa ya mtoto anayekua tumboni. Mjamzito tunampa azithromaisini gramu 1, anameza zote kwa mkupuo mmoja. Asiyeweza kuitumia hupewa amoksilini miligramu 500 mara 3 kwa siku kwa siku 7. Ila usijinunulie. Nenda kituo cha afya kesho na hiyo karatasi, kwa sababu kwa dalili zako lazima waangalie na kisonono, ambacho dawa yake ni nyingine.

Mtoto kwa kawaida huambukizwa anapopita njia ya uzazi wakati wa kuzaliwa. Akiwa bado ndani ya chupa yake, hofu yetu kubwa ni chupa kupasuka kabla ya wakati, uchungu wa mapema, na mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Kwa hiyo usingoje tarehe ya kliniki ijayo. Kupasuliwa hapana, klamidia peke yake si sababu ya upasuaji. Ukitibiwa wiki hii una zaidi ya wiki 10 za kupona kabla ya kujifungua.

Shangazi anakutakia mema, lakini wadudu hawa wanakaa ndani ya seli za mlango wa kizazi. Maji ya mwarobaini hayawafikii, na kunawa ndani kunakuongezea maambukizi mengine.

Mama Zuri:
Binti, nakuandikia yaliyonikuta. Siku ya 7 baada ya kujifungua, macho ya mwanangu yalivimba. Asubuhi kope zimegandana. Nilipopangusa kwa pamba na maji ya uvuguvugu, usaha ulichuruzika hadi sikioni. Mama mkwe akasema nimkamulie maziwa machoni, nikakamua siku 4. Baadaye nikapewa mafuta ya tetrasaiklini, macho yakakauka, kisha yakarudi vilevile. Wiki ya 6 akaanza kukohoa, kikohozi kifupi kifupi cha mfululizo hadi pumzi inamkatika, na homa hana. Daktari alipouliza habari za macho ndipo ikajulikana kuwa ni nimonia ya klamidia. Alipewa erithromaisini ya maji siku 14, na sisi wazazi tukatibiwa. Sasa yuko darasa la pili, anaona vizuri. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mimba nzima nilitokwa uchafu, nikaona aibu kusema.

Mkunga wa Zamu:
Mama Zuri, ahsante kwa kusema. Wengine mzingatie hapo: mafuta ya macho peke yake hayatoshi, kwa sababu wadudu wanakuwa pia puani na kooni kwa mtoto, ndiyo maana anapewa dawa ya kunywa. Usaha ukianza siku ya 2 hadi ya 5 tunashuku zaidi kisonono, ambacho kinaweza kumpofusha mtoto haraka. Klamidia huja siku ya 5 hadi ya 14. Vyovyote iwavyo, mpeleke siku hiyohiyo.

Baba Wawili:
Dada, mimi ni mwanaume, mke wangu aliwahi kunipa habari kama hii. Alisema, "Mtoto yuko hatarini, na dawa tunatakiwa tunywe wote wawili." Hakuanza na nani kaleta, na hilo ndilo lililonifanya nisikilize. Klamidia inakaa mwilini kimya miezi, hata miaka, kwa hiyo karatasi haiwezi kukuonyesha nani alianza. Ukimwogopa, mwombe muuguzi amwite yeye mwenyewe. Na hakuna kukutana kimwili hadi zipite siku 7 tangu wa mwisho wenu ameze dawa, vinginevyo mtaambukizana upya.

Binti Uluguru:
Nimerudi wapendwa. Kisonono hakikuonekana. Dawa nilimeza palepale mbele ya muuguzi. Jumamosi mume wangu alipomaliza kula nilimpa ile karatasi, nikasema kama Baba Wawili alivyoandika. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mtoto anacheza?" Nikauchukua mkono wake nikauweka tumboni. Jumatatu alikwenda kutibiwa. Kuna mengi hatujayazungumza, lakini dawa ameshameza. Kipimo nirudie lini?

Mkunga wa Zamu:
Subiri wiki 4 tangu umeze. Ukienda mapema, kipimo kinaweza kushika mabaki ya wadudu waliokwisha kufa ukaogopa bure. Rudia tena baada ya miezi 3, hata kama utakuwa umeshajifungua. Na siku ya uchungu mwambie mkunga atakayekupokea.

Binti Uluguru:
Nimeandika tarehe zote mbili nyuma ya kadi. Karatasi nimeikunjua, nimeibana mbele pamoja na majibu mengine.