Premio inakata mlimani: nipime presha ya mafuta kwa geji, kwa mashine, au nibadili pampu tu?

MtotoWaNala
Wakuu, heshima yenu. Nina Toyota Premio yenye injini ya 1NZ, kila wiki naenda nayo Manyoni. Hapa mjini Dodoma haina neno, Area C mpaka Mtumba inateleza tu. Shida ni mlima wa Saranda. Jua la saa nane, mzigo kidogo nyuma, nakanyaga mafuta inajivuta na kukohoa, nikiachia inarudi. Taa ya injini imewaka, mashine ya kusoma kompyuta ya gari imetoa kodi P0171. Mafundi watatu, kauli tatu: pima presha ya mafuta kwa geji, mashine inatosha, badili pampu ya mafuta. Plagi na koili nimeshaweka mpya, hela imekwenda na ugonjwa uko palepale. Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi?

Kopo_la_Oili
Badili pampu mkuu. Gari hizo zimekula kilometa nyingi. Nyanyua kiti cha nyuma, weka ya mtumba ya Japan, saa moja umemaliza. Geji ukodi, fundi wa kuifunga umlipe, halafu pampu ununue vilevile?

FundiNkuhungu
Na kama si pampu? Mimi nimewahi kutoa pampu nzima nikaweka nyingine, mteja karudi keshokutwa na gari inakata vilevile. Aibu ile sijaisahau.

Mashine ni ya kuanzia, si ya kumalizia. P0171 maana yake petroli ni kidogo kuliko hewa. Angalia fyueli trimu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Kama iko juu gari ikiwa imesimama inaunguruma, na inashuka ukipiga resi, tafuta mpira unaovuta hewa kwenye manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye injini. Kama inapanda unapopanda mlima, ama mafuta hayafiki ama sensa ya hewa imechafuka, na kwa vumbi letu hili sishangai. Isafishe kwanza, haina gharama. Ila 1NZ haina sensa ya presha ya mafuta, kwa hiyo mtu akikwambia kaiona presha kwenye mashine, anakisia.

Geji ndiyo inasema ukweli. Injini hiyo inatakiwa kusoma 44 hadi 50 psi. Ukizima, baada ya dakika 5 isiwe chini ya 21. Ikishuka zaidi, nozeli ya kupulizia petroli inavuja au vali ya pampu haizuii mafuta kurudi. Ule ujanja wa zamani wa kubana mpira wa kurudishia mafuta hapa haupo, regileta, kile kidhibiti presha, iko ndani ya tenki.

DadaKisasa
Kaka, mimi nilipimiwa na geji hiyohiyo, ikasoma 46, nikaambiwa pampu nzima. Nikazimikiwa Kibaigwa usiku na watoto garini.

FundiNkuhungu
Pole sana dada. Walikupimia gari imesimama? Hapo hata pampu mgonjwa inasoma vizuri, maana injini inakunywa kidogo. Geji iwe na mpira mrefu, uipitishe nje ya boneti, uifunge kwa tepu kwenye kioo cha mbele, abiria aisome mkiwa mlimani. Usiiingize ndani ya gari hata siku moja, ile ni petroli. Na kabla ya kufungua paipu, chomoa plagi ya umeme ya pampu, acha injini ijizime yenyewe. Wenye Premio ya D-4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, geji hii isiguse upande wa presha kubwa.

MzeeWaMita
Wanangu mmesahau umeme. Pampu ni mota. Pima volti kwenye plagi yake injini ikiunguruma, halafu pima betri. Zikipishana volti mbili tatu, umeme unapotelea njiani: waya wa ethi, relei ya C/OPN inayopeleka umeme kwenye pampu, au soketi. Mita tu, geji baadaye.

MtotoWaNala
Wakuu, nimerudi. Sensa ya hewa nimesafisha, hakuna kilichobadilika. Geji tuliifunga Jumamosi, shemeji akawa msomaji. Bahi 47. Tulivyoanza kupanda Saranda akawa anaita kama kondakta: arobaini na mbili… thelathini na sita… thelathini! Na gari hiyoo, inakohoa.

Jumapili nikamsikiliza Mzee. Betri 14.1, plagi ya pampu 10.9. Kuchomoa plagi, pini moja nyeusi tii na plastiki imeyeyuka. Nimebadili soketi na kuvuta ethi mpya, sasa 13.6. Jana Saranda tena, saa nane ileile, geji imeganda 46 mpaka juu.

Kopo_la_Oili
Hongera, leo nimenyamazishwa. Lakini soketi haiungui bila sababu. Filta ya ndani ya tenki ikiziba, pampu inavuta umeme mwingi. Uliiangalia?

MzeeWaMita
Hapo Kopo kasema neno.

MtotoWaNala
Aisee, sikuigusa. Kiti bado sijakirudisha, nikitoka kazini naifungua.